Kisogo cha Karamat

Calderby, 11 Januari 2004

Dada Resham,

Assalaam alaikum. Nimefika salama, ingawa baridi ya huku imenipokea kwa makofi. Halua ya karoti uliyonifungia ilifika nusu. Nusu nyingine iliishia angani, na usiniulize nani aliila. Parveen anakusalimu, anasema wifi yake bado ndiye mpishi wa ukoo huu. Watoto wazima. Shaista binti yako mzima pia, tumbo limeanza kuonekana, anapanda ngazi kwenda chumbani kwao huku ameshika kiuno kama bibi kizee. Mumewe Wajid anamtunza vizuri. Karatasi zake za kukaa nchini bado ziko serikalini, wanasema majibu ni mpaka majira ya joto. Kijana anangoja, na sisi tunangoja naye.

Nakuandikia kwa sababu simu yenu iko sebuleni kwa mashemeji zako, na ukikohoa tu Dadyal nzima inakuombea dua. Yangu nayo iko chini ya ngazi, na nyumba hii kuta zake ni karatasi.

Kuna jambo dogo. Halmashauri ya mji imeichukua beji yangu ya udereva wa teksi kwa muda. Si jambo la kukukosesha usingizi. Abiria mmoja, mama mtu mzima, alishushwa mahali pasipo pake wiki ile ya Idi, akaanguka, na binti yake ameshtaki. Nambari ya gari ni yangu na ya beji ni yangu, kwa hiyo anayeulizwa ni mimi. Mpaka kamati ya leseni ikae, siendeshi. Nashinda nyumbani, Parveen ananizunguka na ufagio akiuliza kama nimeota mizizi.

Usimwambie mtu. Na ukizungumza na Shaista, usimtajie kwamba nimekuandikia haya.

Mdogo wako,
Karamat


Dadyal, 30 Januari 2004

Mdogo wangu Karamat,

Wa alaikum salaam. Huku hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama dume, mtundu kupita kiasi, ameshakula shuka mbili kwenye kamba. Kaburi la baba limejengewa ukingo wa mawe kama ulivyoagiza, na fundi alijaribu kutuibia saruji nikamsimamia mwenyewe na mwavuli wangu. Idi Kubwa ni keshokutwa. Nitachinja kwa jina la baba na nitaweka fungu lako, ingawa najua litaliwa na binamu zako.

Sasa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Wiki ya Idi? Karamat, una akili timamu? Wiki ya Idi ulikuwa hapa! Ulikaa nasi tangu mazishi mpaka arobaini ikapita. Asubuhi ya Idi uligawa tambi za maziwa makaburini kwa mkono wako mwenyewe, ukamwagia imamu kwenye kanzu. Mtu aliyekuwa anamfuta imamu tambi huku Dadyal atamshushaje mama wa Kizungu huko Calderby?

Waambie! Chukua pasipoti uwaonyeshe mihuri. Nimemuuliza imamu kwa kuzunguka zunguka. Nikamwambia, "Maulana, mtu akitaka ushahidi kwamba alikuwa msibani, unampa?" Akanitazama, akasema, "Karamat ana shida gani?" Huyu mzee si mjinga. Lakini ataandika, tena kwa muhuri.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Resham


Calderby, 16 Februari 2004

Dada,

Natumaini Idi ilikwenda salama na binamu hawakulimaliza fungu langu bila hata kunikumbuka. Huku tulisali kwenye theluji, viatu vya nusu ya waumini vikabadilishana miguu. Mimi nimerudi na kimoja cha kushoto cha mtu mwingine. Parveen ana mafua. Shaista anatamani embe mbichi, nazo mwezi huu hazipatikani hapa hata kwa dawa.

Dada, imamu asiandike kitu. Tafadhali sana. Hata mstari mmoja asiandike.

Wewe unaona kuendesha teksi ni kushika usukani tu. Huku ni kama kuposa binti wa watu. Polisi wanaangalia ulikotoka, daktari anakupima macho na moyo, kisha unafanya mtihani wa mitaa ya mji mzima. Gari letu lina bamba la halmashauri nyuma, na haturuhusiwi kuokota mtu barabarani hata akikupungia mkono kwenye mvua. Lazima awe amepiga simu ofisini kwanza, ili ijulikane nani kambeba nani. Na mwisho wa yote wana swali moja wanalolipenda: je, ungemwacha mama yako apande peke yake kwenye gari la mtu huyu? Kama jibu ni hapana, hupewi beji.

Mama mwenyewe ni Bi Enid Clegg. Unakumbuka nilikusimulia yule mjane aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo enzi zile nami nikiwa mgeni? Ndiye huyo. Kila Ijumaa namtoa kliniki mpaka mlangoni kwake Chapel Street. Mikono inamtetemeka, kwa hiyo ufunguo namfungulia mimi, taa nawasha mimi, ndipo naondoka. Tatizo ni kwamba Chapel Street ziko mbili. Moja iko hapa mjini, nyingine kule Netherfold, juu kilimani, nyumba chache na upepo. Ijumaa ile alishushwa Netherfold. Akatembea kwenye mvua akitafuta mlango ambao haukuwepo, akaanguka, nyonga ikavunjika. Bado yuko hospitali. Nami siruhusiwi kwenda kumwona maadamu kesi ipo. Hilo linaniuma kuliko beji.

Dereva anayeijua Calderby hawezi kuchanganya mitaa hiyo. Ni swali la kwanza kwenye mtihani. Wajid aliushindwa kwa mara ya pili kabla sijaja huko kuzika, sijui kama nilikwambia. Siku hizi anakula akitazama sahani.

Wiki iliyopita afisa wa leseni, Bwana Holroyd, aliniita. Mtu mzuri, tunajuana tangu nywele zake zikiwepo.

"Karamat," akaniambia, "hii si kawaida yako, rafiki yangu. Kulikuwa na tatizo nyumbani?"

"Baba yangu alifariki."

"Pole sana. Lini?"

"Mwaka jana," nikasema. Jasho lilinitoka nikiwa nimevaa makoti mawili. Akaandika "mwaka jana", akageuza ukurasa.

Habari ya pasipoti iache. Kuna maneno ukiyasema unatoka wewe majini, anazama mwingine.

Karamat


Dadyal, 5 Machi 2004

Karamat,

Sisi wazima. Embe mbichi hata huku bado, mwambie Shaista awe na subira, na asile chaki kama nilivyokula mimi nikiwa na mimba yake.

Mwingine nani?

Nimefundisha watoto wa kijiji hiki mpaka nikafundisha na watoto wao, na mtoto anayeficha kitu namjua kwa jinsi anavyoeleza kila kitu kingine. Umenieleza polisi, daktari, taa, ufunguo, mpaka kiatu cha kushoto. Gari halijiendeshi, Karamat. Wewe ulikuwa hapa na mtu alikuwa ndani ya gari lako amevaa beji yako. Ni kijana wa pale ofisini kwenu? Ni jirani? Mtu aliyemwacha mama wa watu kwenye mvua, na sasa anakutazama ukipoteza riziki ya watoto wako na kinywa amekifumba, ni mtu wa namna gani? Mtaje! Unamwonea haya nani? Hata angekuwa wa kwangu wa kumzaa ningekwambia mtaje.

Nilimpigia Shaista Jumapili. Wote walikuwa sebuleni, kwa hiyo nikauliza tu, "Mjomba wako anaendeleaje?" Akaanza kulia. Nikauliza, "Kuna nini, mwanangu?" Akasema ni mimba tu, mama, mimba inaliza. Mimi nimebeba mimba tano. Sikuwahi kulia kwa sababu ya kuulizwa habari za mjomba.

Nyumba hiyo ina nini? Nina hofu na sijui naogopa nini.

Resham


Calderby, 22 Machi 2004

Dada,

Sote tupo. Mafua ya Parveen yamepona, yamehamia kwangu.

Kamati inakaa tarehe 14 Aprili. Nimeshaamua. Nitasimama niseme ni mimi, nilikuwa na majonzi ya baba, nilichoka, nilikosea mtaa. Watanipokonya beji, nami nitaomba kazi kiwanda cha mikate, wanachukua hata wazee. Mwenye ofisi yetu ananisihi nifanye hivyo hivyo, maana naye alijua, na leseni yake iko kwenye uzi mmoja na yangu.

Kosa la kwanza ni langu. Simu ya msiba ilipokuja niliivua beji shingoni nikaitundika kwenye msumari pale mlangoni, juu ya funguo za gari, na nilijua itavaliwa. Wengi wetu huku hufanya hivyo mtu akienda kuzika. Gari likilala wiki zote hizo, nani anakula? Tulikuwa tukicheka, tukisema Wazungu hawatujui mmoja na mwingine: ndevu zile zile, kofia ile ile, picha ya kwenye beji yenyewe imefifia. Nilisema tu, "Endesha mchana, chukua wateja wangu wa siku zote, wanajua kwao." Na Bi Enid anajua kwao. Lakini siku ile alikuwa amechomwa sindano, akasinzia njiani.

Kinachonitisha sasa ni kwamba amepona kiasi cha kukaa, na binti yake anataka kumleta kwenye kamati aseme mwenyewe. Naomba usiku na mchana asije. Ona nilipofika, Dada: namwombea mgonjwa asipate nafuu.

Yale maneno yako, kwamba hata angekuwa wa kwako wa kumzaa, usiyarudie. Usiyaseme kwenye simu, na usiyaseme kabisa mbele ya Shaista.

Karamat


Dadyal, 4 Aprili 2004

Karamat,

Usishangae mwandiko. Yule ndama aliingia barazani akaikanyaga miwani yangu, vioo vyote viwili, naandika kwa kupapasa. Sijamwambia mtu anunue mingine. Nilitaka kuandika hii bila mtu kuniuliza naandika nini.

Ni Wajid.

Nimekaa siku mbili na barua yako nikijifanya sijaelewa. Nikafua. Nikapanga mitungi. Kisha nikaketi chini, nikaona msumari mlangoni kwako na mkono unaoichukua beji, na ule mkono ulikuwa na pete niliyoinunua mimi kwa ajili ya harusi ya binti yangu.

Nilikwambia mtaje. Sasa nakuomba usimtaje. Nakuomba kama dada aliyekulea. Shaista ana mimba ya miezi saba. Wajid akiingia matatani na serikali kabla karatasi hazijatoka, watamrudisha, na mwanangu atabaki na mtoto mikononi, huko peke yake au huku kwenye midomo ya watu. Wewe una miaka mingi huko, una nyumba, una uraia. Wewe utainuka tena.

Sema ni wewe. Na huyo mama wa Kizungu akija akasema si wewe, basi waambie ni uzee. Waambie amechanganyikiwa, alikuwa na dawa mwilini. Wazee husahau, kila mtu anajua, hawatamshangaa.

Naona haya kuandika hivi. Lakini naandika.

Resham


Calderby, 15 Aprili 2004

Dada Resham,

Sina salamu za kuanzia. Barua yako ya mwisho niliyopokea ni ile ya mwezi wa tatu, ile ya "mtaje". Nimeingia nayo kwenye kamati, mfuko wa ndani wa koti. Kaa chini ndipo usome.

Jana tulikwenda jumba la halmashauri, mimi na Wajid. Alisisitiza kunisindikiza. Tulipofika ngazini akaniambia, "Mjomba, nisamehe." Nikamwambia, "Futa kamasi, watu wanatazama." Akabaki ukumbini kwenye benchi. Mimi nikaingia.

Madiwani watano, meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti ni mama mmoja mwenye miwani kwenye mnyororo. Mwanasheria wao akasoma malalamiko. Kisha mwenyekiti akaniuliza, "Bwana Hussain, siku hiyo ulikuwa ukiendesha wewe?"

Nikafungua kinywa niseme ndiyo. Wallahi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Mlango ukafunguliwa, wakamwingiza Bi Enid kwenye kiti cha magurudumu, binti yake akisukuma. Amekonda, Dada. Amekuwa mdogo kama mtoto. Akanitazama, akatabasamu, akasema kwa sauti, "Umefanya nini na ndevu zako? Zimekuwa vichaka."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akamuuliza kama anamtambua dereva aliyemchukua Ijumaa ile.

"Si huyu."

Binti yake akasema, "Mama, beji ni yake. Gari ni lake."

"Gari ni lake. Kichwa si chake," akasema. "Nimekaa nyuma ya kisogo cha Karamat miaka yote hii. Kina kovu hapa kwenye sikio na nywele zinazunguka upande wa kushoto. Yule mwingine alikuwa kijana, shingo nyembamba. Mimi nilizinduka tukiwa kilimani. Kijana amepotea, mikono inamtetemeka kuliko yangu. Nikamhurumia. Nikasoma kibao, Chapel Street, nikasema haya, mwanangu, niache hapa hapa, inatosha. Na ujinga wangu pia uandikeni."

Ndivyo alivyosema. Nimesimama pale, sisi tuliokuwa tukicheka kwamba Wazungu hawatujui mmoja na mwingine, na mama huyu ananisoma kisogo kama ramani.

Mwanasheria akainama kwa mwenyekiti, lakini sote tulimsikia. Alisema bibi yuko kwenye umri mkubwa, alikuwa ametoka kuchomwa dawa, ushahidi wa namna hii usipewe uzito. Binti yake akamshika bega, akamwambia, "Mama, umechoka. Umechanganya." Na Bi Enid akaanza kutazama huku na huku. Akatazama mikono yake. Akasema taratibu, "Nimechanganya?"

Mwenyekiti akanigeukia. "Bwana Hussain, shahidi amekosea?"

Dada, njia ilikuwa wazi. Neno moja tu. Ningesema, "Ndiyo, ni uzee, maskini," na nyumba yetu yote ingelala salama. Lakini alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa anangoja mimi nimwambie kama akili yake imeondoka au bado anayo. Mwanamke anayeishi peke yake, Dada, hana kingine. Nikamkumbuka baba miezi yake ya mwisho, jinsi tulivyokuwa tukimwambia kwenye simu umechanganya, baba, na jinsi alivyokuwa akinyamaza.

Nikasema, "Hajakosea. Ana akili kuliko sote humu ndani. Siku hiyo nilikuwa Dadyal, kwenye msiba wa baba yangu. Beji niliiacha kwangu kwa makusudi, ikavaliwa na mtu asiye na leseni wala bima, na mimi ndiye niliyempa."

"Nani?" mwenyekiti akauliza.

"Hilo sitalisema. Niadhibuni mimi."

Wamenifutia leseni. Naweza kuomba tena baada ya mwaka, wakipenda. Ofisi yetu inachunguzwa. Bwana Holroyd aliichukua karatasi yangu ya leseni bila kunitazama. Lile swali lao la mama hawakuniuliza tena, nami nisingejua pa kuweka uso.

Nilipotoka, kiti cha Bi Enid kilikuwa kimesimama mbele ya benchi la Wajid. Alikuwa amemtambua. Hakumgombeza. Akamuuliza, "Umeshajifunza njia?"

Wajid akasimama. Akanitazama, nikatazama ukuta. Akagonga mlango nilioutokea mimi, akaingia peke yake.

Sijui nitakwambia nini zaidi. Uliniambia nimtaje hata angekuwa wa kwako. Ni wa kwako. Sikumtaja, amejitaja mwenyewe, lakini mlango niliufungua mimi. Shaista hajatoka chumbani tangu jana. Nisamehe kama unaweza.

Karamat


Dadyal, 3 Mei 2004

Mdogo wangu,

Assalaam alaikum. Barua yako ya tarehe 15 imefika, lakini habari ilitangulia. Shaista alipiga simu, na wote walikuwa sebuleni. Alilia mpaka laini ikakatika. Anasema Wajid amepelekwa mahakamani, amepigwa faini, na asahau habari ya beji kwa miaka. Za karatasi hajui mtu. Wamehamia chumba cha kupanga, kwa hiyo ngazi zako sasa ziko kimya.

Wifi yangu mkubwa alisubiri nirudishe simu mahali pake ndipo akasema, "Kaka yako amemuuza mkweo kwa Wazungu." Mbele ya wote, na wageni wakiwepo. Nikamwambia, "Kaka yangu aliniuliza, na mimi ndiye niliyemwandikia aseme kweli." Nikawasomea na maneno yenyewe, nayakumbuka. Hata angekuwa wangu wa kumzaa. Imamu alipopata habari alinisimamisha njiani, akasema baba yetu alizaa watu. Nikaitikia. Nikapokea sifa hiyo kama yangu, nikaenda nayo nyumbani, nikashindwa kula.

Kwa sababu kuna barua nyingine, Karamat. Niliiandika tarehe 4 Aprili. Naona hukuitaja, labda imekwama mahali. Kama bado haijafika, ikifika usiifungue. Itie motoni ilivyo. Kama imefika na umeifungua, basi umeshamwona dada yako alivyo akiogopa, na sitaweza kukutazama usoni nikikuona tena.

Nakuomba jibu la hilo tu. Mengine nitayavumilia.

Resham


Calderby, 23 Mei 2004

Dada yangu Resham,

Assalaam alaikum, na hongera, bibi! Shaista amejifungua salama Alhamisi, mtoto wa kike, mweupe, mkali, ana pua ya baba yetu nzima nzima, Mungu amsaidie. Wajid alikuja mwenyewe kunigongea mlango kunieleza. Tulisimama kizingitini kama wageni, kisha akasema, "Mjomba, nani atamsomea adhana sikioni?" Nikavaa viatu sijafunga hata kamba. Shaista bado hanisemeshi sana, lakini alinipa mtoto nimshike, na hakuniharakisha kumrudisha. Karatasi zao bado hazijajibiwa. Kila posta ikigonga sote tunasimama.

Mimi niko kiwanda cha mikate, naye Wajid amepata hapo hapo, zamu nyingine. Parveen anasema nanukia vizuri kuliko enzi za teksi. Bi Enid sasa anapelekwa kliniki na dereva mpya, amenitumia salamu kwamba kisogo cha mtu huyo hakivutii, kina mikunjo kama shingo ya kobe. Ijumaa hii nilikwenda kumwona, kwa miguu. Nikamfungulia mlango, nikawasha taa.

Ile barua yako ya tarehe 4 Aprili haikufika, Dada. Posta unazijua. Nimemwambia Parveen ikija aitie motoni bila kunionyesha, na hatutaizungumza tena maisha yetu yote. Mimi ninayo ile ya mwezi wa tatu, inanitosha.

Nakutumia kifurushi kwa mkono wa mtoto wa jirani yetu Hajra anayekuja huko wiki ijayo. Kuna picha ya mjukuu wako, shali ya Parveen, na miwani. Nilimwambia fundi ni ya mwalimu mkali aliyesoma sana kwa taa ya mafuta, akanipa vioo vinene. Kama haikufai itarekebishwa mjini Mirpur. Usiulize chochote, ivae tu.

Na huyo ndama mfunge mbali na baraza.

Mdogo wako daima,
Karamat